Chujio Ndani ya Faneli

Motokaa ya shemeji yangu ilirudi nyumbani kwa kukokotwa, matanga yakiwa hayajaanuliwa. Wanaume wa shambani waliifunga kamba za makumbi upande wa mbele, wakaivuta kutoka njia ya Msabaha mpaka ndani ya Malindi. Walipofika penye msikiti wa mtaa wetu waliacha kuimba, kwa heshima ya nyumba iliyofiwa, na kilichosikika kikawa magurudumu katika mchanga na pumzi za watu. Wakaiingiza katika banda la makuti lililo ubavuni mwa nyumba, kisha wakaenda kunawa.

Ilikuwa masika. Shemeji alikuwa akirudi kutoka shamba lake la minazi, mashine ikakohoa, ikapiga chafya, ikazima mahali msitu unapobana njia pande zote mbili. Mvua ilikuwa ikinyesha. Angeweza kuja kwa miguu, lakini hakutaka kuiacha. Akakaa ndani yake usiku kucha, turubai lake likivuja, akafika asubuhi amerowa chapachapa. Homa ikamkamata kifuani wala haikumwachia.

Mimi si tabibu. Juma lile homa ya kifua iliwashika wengi ambao hawajapata hata kuigusa motokaa. Naliandika jambo hili mapema ili msomaji asidhani kuwa silijui. Nalijua, na halijanisaidia.

Mkewe alikuwa umbu langu, ndugu yangu wa kike wa tumbo moja, aliyenifuata mimi kuzaliwa. Sasa alikuwa amekaa eda, amevaa nguo zilizopauka, hana wanja wala manukato, na pamoja naye alikaa mavyaa wake, yaani mama wa marehemu, mwanamke mkavu mwenye ulimi. Mimi ni ndugu, kwa hiyo niliingia kwao nilipotaka. Nilikuwa nikienda kila alasiri nikitoka kazini. Kazi yangu ilikuwa saa za ukutani na cherehani. Sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kuifungua saa ya baba iliyokuwa imekufa, nikaviweka vipande vyake juu ya mkeka kwa mpangilio wa kutoka kwake, na nilipovirudisha kwa mpangilio ule ule kinyume, ikatembea. Tangu siku ile nikaamini kwamba hakuna mashine inayomkataa mtu mwenye subira. Shemeji alipoinunua motokaa kwa Mzungu mmoja wa shamba la mpira aliyefunga shamba lake na kurudi kwao, kabla kidogo ya vita vya Wajerumani, ni mimi aliyeniita kuitazama. Nikajifunza nayo kama nilivyojifunza na saa.

Alasiri moja nilikuta wamekaa ukumbini. Mavyaa alichukua kikombe kutoka kwenye kichanja, kikombe safi kilichooshwa asubuhi, akakitia maji kidogo kutoka kwenye kata, akakizungusha, akamwaga uani, akakimiminia kahawa juu ya matone yaliyobaki, akanipa. Sikukiangalia kitendo kile. Hakuna mtu wa kwetu angekiangalia. Chombo hakitiwi kitu kabla ya kusuuzwa.

"Kaka," umbu langu akasema, "nataka unitazamie kitu."

"Sema."

"Kwa nini ilizima."

Nikamwuliza itamfaa nini sasa.

"Watu waja hapa kunipa pole. Huyu asema mume wako amelala porini kwa ajili ya chuma. Yule asema ni siku yake tu ilifika. Mimi najua siku ilifika, sibishani na Mungu. Lakini sina pa kushika. Niambie ni kitu gani, hata kama ni msumari."

"Hata kama ni Mhindi," mavyaa akadakia. Alikuwa ameshaamua kwamba mwenye duka aliyemuuzia mwanawe petroli alikuwa ameichanganya na maji.

"Mama, hatujui bado."

"Wewe hujui. Mimi nimezaa."

Nikaahidi kutazama. Nikamwomba mavyaa radhi pia, kwa kuwa kuijaribu mashine ni lazima ingurume, na nyumba ilikuwa ya msiba.

"Ingurume," akasema. "Sisi tumeshalia. Sasa na chuma kilie."

Kesho yake nikaanza. Nilifunua boneti nikazungusha mpini wa mbele mpaka bega likaniuma, na mwishowe ikashika. Ikawa inatetemeka mwili mzima kama mtu mwenye homa ya malaria, inaguna, inaruka pigo, inatoa mlipuko nyuma, halafu inarudi kuguna. Kuku wa jirani wakatawanyika. Kijana mmoja aliyepita nje ya ua akapiga kelele, "Fundi, ng'ombe wa Mzungu ana mafua!" Mwenzake akamnyamazisha, akamkumbusha nyumba ile ni ya nani.

Mashine ile ilikuwa na silinda nne, na kila silinda na plagi yake ya kutoa cheche. Mtu akitaka kujua ni silinda gani iliyolala, huchukua bisibisi yenye mpini wa mti akaigusisha plagi na chuma cha mashine, cheche ikapotea. Sauti ikibadilika, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Isipobadilika, ndiyo mgonjwa. Nikaanza na ya kwanza. Ilibadilika. Ya pili haikubadilika, nikafurahi nikidhani nimemshika mwizi. Lakini nilipoirudia ya pili, ilibadilika, na ya kwanza ndiyo ikawa imelala. Nikaendelea hivyo mpaka jua likapungua, na kila nilipomkimbiza mgonjwa alihama nyumba.

Hapo nikazima nikakaa juu ya pipa. Ugonjwa unaohama si wa plagi. Ni wa kitu ambacho silinda zote zinagawana. Na vitu vinavyogawanwa ni viwili, cheche inayotoka katika sumaku, na mafuta.

Nilichagua sumaku kwanza, kwa sababu ya mvua. Nikaifungua, nikaifuta, nikaikausha kwa mkaa uliofunikwa jivu, nikasugua mahali vyuma vyake vinapokutana kwa karatasi ya msasa laini kabisa. Ilikuwa safi tangu awali. Nikairudisha, nikawasha, ikaguna vile vile.

Lazima niseme kitu hapa. Siku zile nilikuwa na furaha. Nilikuwa nikiamka nikiiwaza mashine kabla sijamkumbuka marehemu aliyekuwa mwenyewe. Naenda nyumba ya msiba, natoa salamu kwa sauti ya chini, namwuliza umbu langu kalalaje, na muda wote vidole vyangu vinataka kwenda bandani. Mara moja nilijikuta nikipiga mluzi. Nikanyamaza, nikatazama dirisha dogo la jikoni linaloelekea banda. Lilikuwa wazi.

Yakabaki mafuta. Nikafunga bomba, nikakitoa kikombe cha chini cha kabureta, mahali petroli inapopumzika kabla ya kuvutwa, nikakimwaga ndani ya bilauri ya kioo. Nikaiinua penye mwanga. Petroli ilisimama juu, rangi ya chai nyepesi, na chini yake palikuwa na matone yaliyojiviringisha kama lulu, yakikimbizana kila nilipoitikisa bilauri. Nikalichukua tone moja kwa ncha ya kijiti nikalitia juu ya bati la moto. Lilichemka likatoweka, wala halikuwaka.

Yalikuwa maji.

Nilitaka yawe ya mvua, na niliyatafutia njia. Lakini tangi lilikuwa chini ya kiti, na kifuniko chake kilikuwa na ngozi inayobana vizuri. Nilikimwagia debe zima la maji juu, nikakifungua, nikakuta mdomo wake mkavu. Hata hivyo nikaenda kumwuliza umbu langu kama motokaa ilianza kukohoa siku ile ya mvua.

"La," akasema. "Ilikohoa tangu zamani. Tangu mwezi mmoja baada ya kuja. Nilikuwa nikimjua kwa kikohozi chake. Ikikohoa pale penye kona, natia wali kwenye sinia."

Mavyaa akauliza nimeona nini. Sikupenda kusema, lakini sikuzoea kuficha kazi yangu. Nikasema, "Maji, mama. Ndani ya mafuta."

Akapiga goti lake kwa kofi. "Sikuwaambia!" Na kabla sijatoka, alikuwa amekwisha kumtuma mwanamke wa jirani dukani na maneno, na maneno ya mama yule hayakuwa ya kurudiwa karatasini.

Kwa hiyo nilipofika dukani mimi mwenyewe, nilimkuta Mhindi amekaa nyuma ya gunia la mtama, uso umemsawijika. Alikuwa akiniuzia sindano za cherehani kwa miaka, na tulizoea kutaniana.

"Bwana fundi," akasema, "umekuja kunimaliza?"

"Nimekuja kutazama."

"Tazama. Mafuta yanakuja katika debe limefungwa kwa risasi ya kulehemia, kama lilivyotoka kwao. Mimi sifungui, sigusi. Mimi si muuza maziwa, bwana!"

Watu waliokuwa barazani wakacheka, kwa kuwa wauza maziwa wa mji wetu walikuwa wakijulikana kwa urafiki wao na kisima. Yeye hakucheka. Akaleta debe, nikalichunguza mshono wake pande zote, nikalitoboa mbele yake, nikajaza bilauri niliyokuja nayo. Tukaiinua sote wawili. Ilikuwa safi mpaka chini. Akaniambia nitoboe jingine, nikatoboa, nalo likawa safi.

"Sasa mwambie yule mama," akasema.

"Nitamwambia."

"Mwambie leo, fundi. Wanawake wa mtaa wote leo wamenunua chumvi kwa jirani yangu."

Nikarudi nikitembea polepole. Kwa njia ya kazi yangu, jambo lilikuwa limekwisha kuwa jepesi. Debe ni safi. Tangi halivuji. Maji hayazaliwi. Basi yameingia katikati ya debe na tangi, na katikati ya debe na tangi hapana kitu ila faneli.

Niliijua faneli ile. Niliitengeneza mwenyewe, ya bati, na ndani yake nikalehemu kipande cha wavu mwembamba wa shaba kuwa chujio, isipite hata chembe ya mchanga. Nilijivunia chujio lile kuliko kitu chochote nilichokuwa nimekitengeneza mwaka ule.

Nikafika, nikamwomba umbu langu aniletee faneli. Ilikuwa ikikaa jikoni, juu ya kichanja, pamoja na vyombo vingine. Akainuka, akaishusha. Akachota kata moja mtungini, akaimimina ndani ya faneli, akaizungusha, akaimwaga, akaikung'uta mara chache kwa nguvu, akanipa kwa mikono miwili, mdomo chini, kama mtu anavyompa mgeni chombo.

Nilisimama nayo mkononi. Ndani, katika kila jicho la wavu wa shaba, palikuwa na kigozi chembamba cha maji, kinang'aa.

"Huwa unaisuuza hivi kila mara?" nikauliza.

"Kila mara. Hata asubuhi ile nilimsuuzia." Akanitazama. "Si wewe uliyesema?"

Ni mimi. Siku motokaa ilipofika nilikaa ukumbini mwao, nimeshika kikombe cha kahawa, nikatoa mawaidha kama mwalimu wa madrasa. Uchafu ndio adui wa mashine. Chombo kisichosuuzwa kisiguse mafuta. Shemeji alicheka akasema yeye hatakumbuka, mkewe ndiye wa vyombo. Na siku nyingine nilimwona umbu langu akiisuuza faneli vile vile, kwa macho yangu, nikamwambia shemeji, "Mke wako ndiye fundi wa nyumba hii." Ningeweza kuliona wakati ule. Mafuta na maji nilivijua. Lakini nilivijua kwa akili ya bandani, na jikoni niliingia na akili ya mtu wa kwetu, anayeona maji ndiyo usafi.

Nikaenda bandani nikafanya kama ninavyofanya siku zote. Nikapitisha petroli safi katika faneli ile yenye unyevu, ikaingia bilauri, na lulu zikakaa chini, chache, ndogo. Nikaikausha faneli juani mpaka bati likawa moto, nikapitisha tena. Hakuna kitu. Nikarudia, nikitumaini kukosea. Maji kidogo kila ujazo, na maji ni mazito, hukaa chini ya tangi yakakusanyika. Siku tangi linapokuwa limejaa, motokaa hukohoa tu njiani. Siku mtu anaporudi kutoka mbali na mafuta yamepungua, na njia ina mashimo, bomba huvuta kile kilichoko chini.

Nikamwaga tangi lote. Nikasafisha bomba, kikombe cha kabureta, kila tundu. Nikaweka mafuta makavu kwa faneli kavu. Nikazungusha mpini mara moja tu. Motokaa ikashika, na ikakaa kimya kama mashine inavyotakiwa kukaa kimya, mvumo mmoja usiokatika. Niliweka bilauri yenye maji juu ya boneti na maji yake hayakutikisika ila kwa duara ndogo katikati. Sijapata kusikia kazi yangu ikisema vizuri namna ile. Nilikuwa natabasamu nilipogeuka, nikaona dirisha la jikoni limefungwa.

Nikazima.

Walikuwa ukumbini wote wawili. Umbu langu alikuwa amekaa amekumbatia magoti.

"Hiyo si yake," akasema. "Yake ilikuwa ikikohoa."

Nikakaa mkekani mbele yake.

"Kumbe ilikuwa na nini?"

Njiani kutoka bandani nilikuwa nimetayarisha kusema sumaku. Kitu cha chuma, kisicho na mikono ya mtu, kilichoharibika chenyewe. Angekishika hicho, kama alivyotaka kushika msumari. Lakini mavyaa alikuwa pale, na Mhindi alikuwa dukani nyuma ya gunia lake, wanawake wa mtaa wakipita mbele yake kwenda kununua chumvi kwa jirani yake.

"Mafuta ya Mhindi ni safi," nikasema. "Nimetoboa madebe mwenyewe. Mama, utamtaka radhi."

Mavyaa akakunja uso. "Na maji?"

"Chujio. Lile la faneli. Nililitia mimi, na linashika maji. Kosa ni langu."

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimesema ukweli wote isipokuwa mkono mmoja. Umbu langu akawa ananitazama, na nikaona anakwenda hatua kwa hatua, kama nilivyokwenda mimi, kwa maana ni damu yangu na ana kichwa kile kile.

"Linashika maji," akasema. "Maji ya nani?"

"Kosa la chujio..."

"Kaka. Maji ya nani?"

"Mimi ndiye niliyekuamuru."

"Uliniamuru. Lakini usingeniamuru, nisingesuuza?" Akanyoosha mikono yake mbele akaitazama. "Ningesuuza. Nani hutia kitu ndani ya chombo bila kukisuuza?"

"Wewe hukujua mafuta. Mimi nilijua, na nilikuona."

"Nilimpa mwenyewe. Nikamwambia, haya, iko safi."

Tukawa tunavutana hivyo, kila mmoja akijivutia upande wake, mpaka mavyaa akagonga sakafu kwa kiganja.

"Nyamazeni nyote wawili," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Mwanangu aliambiwa na mvua ashuke aje nyumbani. Akabaki na chuma. Na yeye mtamgawia fungu lake, au ni lenu peke yenu?" Kisha akajifunika uso kwa ukaya, na nikasikia kwa mara ya kwanza tangu mazishi kwamba analia.

Jioni ile ile alimpelekea Mhindi sinia ya vitumbua, bila maneno. Mhindi alivipokea bila maneno, na chumvi ikanunuliwa tena kwake.

Eda ilipokwisha, umbu langu aliogeshwa, akavalishwa, akatolewa. Motokaa ilichukuliwa na mtu wa Kilifi. Aliondoka nayo ikivuma vizuri, nami nilimpa faneli mpya isiyo na chujio na kitambaa kikavu, nikamwonya mara nyingi hadi akaniona nimezeeka. Ile ya zamani niliitafuta niiponde, sikuiona. Sikuuliza.

Hatukuzungumza tena jambo lile. Mara kwa mara nimefikiri kwamba ndugu mwingine, asiyejua sana mambo ya mashine, angesema ni sumaku na kumtaka radhi Mhindi kwa njia yake. Sijui. Mimi nilimpa alichoniomba.

Bado naenda kwake alasiri. Nikiomba maji ya kunywa, hushusha bilauri kwenye kichanja. Haisuuzi. Huishika kwa kitambaa, huipangusa ndani, huizungusha, huitazama penye mwanga wa mlango, huipangusa tena mpaka kioo kinalia chini ya kidole chake. Akiridhika kuwa hapana hata tone, huijaza maji, hunipa. Wageni humtania kwa tabia hiyo. Mavyaa wake, ambaye sasa haoni vizuri, huisikia sauti ile ya kitambaa juu ya kioo na huwaambia wamwache.

Mimi hunywa, nikaimaliza yote, nikamrudishia.